Pemba haizami kwa rangi za ramani

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimesoma na kunyamaza. Nilinyamaza hata mwaka 2018, pale ufa wa Mai Mahiu ulipotangazwa kila pahala kuwa ndio Afrika inakatika vipande viwili, ilhali wanajiolojia wengi walieleza kuwa ni mvua tu iliyosomba majivu ya volkeno chini ya udongo. Lakini ile habari yenu ya setilaiti "kuiona Pemba ikizama", pamoja na ramani yake nyekundu na buluu isiyo na ufunguo, imenikwama kooni.

Rada ya Sentinel-1, setilaiti mliyoitumia, haipimi kwenda chini moja kwa moja. Inapiga wimbi la sentimita 5.6 kwa mshazari, inapokea mwangwi, na ikipita tena baada ya siku 12 mwangwi wa pili unalinganishwa na wa kwanza. Duru moja ya rangi kwenye intaferogramu, yaani ile ramani inayotokana na kulinganisha mwangwi, kutoka nyekundu kurudi nyekundu, ni nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 2.8 za kuisogelea setilaiti au kuikimbia. Sasa hizo "karibu sentimita 3" mlizozipa kichwa cha habari ni duru moja ya rangi, basi. Na mmeandika wenyewe kwamba picha zote mbili ni za Aprili, masika imeshika! Mvuke wa maji hewani huchelewesha wimbi. Unyevu ukitofautiana kwa asilimia 20 kati ya siku mbili, kosa linaweza kufika sentimita 10. Uwezekano mkubwa ni kwamba mmechapa wingu. Anayejua kazi hii hulinganisha kipupwe na kipupwe, hukusanya picha 20 na zaidi kabla ya kufungua mdomo, na hutumia njia zote mbili, ile ya setilaiti inayopanda kaskazini na ile inayoshuka kusini, kwa sababu njia moja pekee haiwezi kutenganisha kushuka na kusogea mashariki au magharibi. Kusogea kaskazini na kusini karibu haioni kabisa.

Tena kipimo hiki ni cha kulinganisha. Nukta moja huchaguliwa na kuitwa tuli, nyengine zote hupimwa kwayo. Yenu ilikuwa wapi? Kama ilikuwa Tanga, katikati kuna mkondo wa kina cha mita 800 hivi, na juu ya maji yanayocheza hakuna mwangwi wa kulinganisha. Hesabu ya duru inakatika ufukweni. Ng'ambo unaweza kuongeza moja au tatu na hakuna atakayekukamata. Kama ilikuwa Pemba yenyewe, basi kisiwa kizima kinaweza kushuka na nukta yake na ramani isiseme kitu. Mikarafuu nayo ni balaa jengine: wimbi la sentimita 5.6 linaishia kwenye majani, na majani ya leo si ya siku 12 zilizopita. Paa za mabati za Chake Chake zinafaa. Mashamba hayafai, labda kwa rada ya wimbi la sentimita 24, linalopenya majani.

Halafu mkaweka picha ya hori la Wete, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kama ushahidi. Jamani! Vihori vya magharibi ya Pemba ni mabonde yaliyochongwa na mito wakati bahari iko chini mita 120 hivi, yapata miaka 20,000 iliyopita, kisha maji yakapanda yakayajaza. Bahari ndiyo iliyokuja. Na maweni ya Makunduchi, matumbawe makavu yaliyosimama juu ya maji, mtu angeweza kuyapiga picha vilevile akadai Unguja inapaa; lakini miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo, kwa hiyo tumbawe la kimo hicho halihitaji ardhi kupanda hata kidogo. Anayetaka kusoma mwendo wa gamba la dunia kwa sura ya nchi hupima ule mkato ambao bahari huula chini ya jabali, na huupima kutoka usawa wa wastani wa bahari, si kutoka maji aliyoyakuta, maana bamvua hapa hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukichelewa saa moja kuandika kimo, unaweza kukosea kwa mita nzima. Mkato ukizidi kimo hicho cha bahari ya kale kwa mita 1, ziada hiyo katika miaka 125,000 ni chini ya asilimia moja ya milimita kwa mwaka. Hakuna intaferogramu ya siku 12 inayoiona hiyo. Na mikato yenyewe inazibwa saruji, hoteli moja baada ya nyengine inajenga ukuta pwani, kumbukumbu ya miaka laki na ushei inapakwa chokaa ili vitanda vya kuotea jua visilowe.

Bikoni, zile alama za wapimaji zilizojengwa ardhini, ndiyo usiseme. Mwezi uliopita kusini Unguja ilikutwa moja ndani ya ua wa nyumba mpya: msumari wa shaba umeng'olewa, limebaki tundu lenye ukijani, juu yake pametuliwa ndoo ya kuku. Mwenye nyumba hana kosa, hakuambiwa. Ofisi husika ilipoulizwa ilijibu kwamba bikoni hiyo "ipo kwenye mfumo".

Tetemeko la 12 Agosti 2020, la kipimo cha karibu 6, lilitokea chini ya bahari, pasipoonwa na rada yoyote inayopima ardhi. Ndiyo maana tunahitaji alama za visiwani zisizotikisika.

Basi gazeti lenu, lenye hamu hiyo ya setilaiti, lifadhili kona mbili za kurudisha mwangwi, alama ambazo rada huziona vilevile kila ipitapo, moja Unguja na moja Pemba, juu ya jiwe tupu. Fundi yeyote wa madirisha ya alumini anaziweza: mabamba matatu ya pembetatu, ukingo mita 1, yakutane kwa nyuzi 90 kamili, maana yakikosea hata nyuzi moja mwangwi unafifia. Matundu ya milimita 5 kila bamba, mvua isituame. Mdomo uelekee magharibi, kwa ile setilaiti inayopita karibu na wakati wa swala ya Magharibi ikielekea kaskazini. Pembeni kipokezi cha GPS, na zege la kutosha, kwa sababu alumini huuzwa kwa kilo. Na kijana mmoja aajiriwe kufukuza kunguru: wakijenga kiota ndani ya kona, Pemba itazama tena kwa usiku mmoja, nanyi mtapata kichwa cha habari.

Mpimaji mstaafu,
Chake Chake, Pemba