Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Sheria Ndogo Ituanzie Sisi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafuga mbwa hapa Tanga, assalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina baada ya chai. Ziko sawa, ila ada zinachelewa kama kawaida yetu. Zoezi la chanjo limefanyika, nawashukuru maafisa mifugo wa kata na vijana waliobeba maji na meza juani. Muda uliobaki nauomba kwa jambo moja tu: rasimu ya mapendekezo ya sheria ndogo ya kudhibiti uzalishaji holela wa mbwa. Kamati imeiandika, na leo inataka kauli yenu kabla haijapelekwa halmashauri.

Nianze na boksi. Mwanachama mwenzetu alinipigia simu alfajiri kutoka stendi ya Kange. Kwenye buti la basi la Arusha palikuwa na boksi la sabuni lililotobolewa matundu, ndani vitoto vya mbwa, kwa kukadiria wiki 5 hivi. Wawili walikuwa wameshakufa. Mpokeaji alikwishalipa kwa simu na mpelekaji ni dalali ambaye hata mama wa vitoto hakuwahi kumwona. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini hatukuwa na maana hiyo.

Dalali hatuwezi kumlaumu peke yake, maana anauza alichokikuta. Mbwa jike huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, takriban mara mbili kwa mwaka na mimba yake ni siku 63 hivi. Mwenye haraka ya fedha humpandisha kila joto, mama hajarudisha mwili, maziwa hayatoshi, basi anaona bora vitoto viondoke mapema. Kitoto kinachotolewa kabla ya wiki 8 hakijajifunza kwa mama na ndugu zake kwamba kung'ata kunauma. Mnunuzi anamfunga mnyororo mfupi nyuma ya nyumba, na baada ya mwaka anakuja kutulalamikia kwamba mbwa ana hasira.

Halafu kuna kuhara damu. Wengi mmeshazika vitoto kwa ugonjwa huu wa parvo, na bado mtu akifiwa leo, keshokutwa anaweka kitoto kingine banda lile lile. Kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi mingi, na kufagia hakukiondoi. Maji ya dawa ya klorini husaidia kwenye sakafu ya saruji, ila banda la udongo ni heri uliache kabisa. Nimelisema hili kila mwaka na nitalisema tena mwakani.

Sasa nijitaje mwenyewe, kabla hajanitaja mwingine. Miaka kadhaa iliyopita, ada za shule zilipobana, jike wangu wa German Shepherd nilimpandisha joto mbili mfululizo. Dume lilikuwa la rafiki yangu, na baadaye nikaja kugundua kwamba mbwa wale walikuwa na baba mmoja. Mzao wa pili ulitoa vitoto wawili ambao nyonga zao zililegea. Mmoja alifika mwaka mmoja akishindwa kuinuka asubuhi. Mnunuzi alikuwa mstaarabu, hakudai fedha. Alinirudishia mbwa wake na kuniambia, "Baba, huyu nimekuletea umuangalie." Nilimwangalia mpaka alipokufa. Kwa hiyo ninaposema uzalishaji holela, simsemi mtu wa mtaa wa pili.

Wanachama wawili watatu wameniuliza kwa nini tujitafutie kamba ya shingoni wakati nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ni kweli ipo, na inakataza ukatili. Lakini nani atahesabu joto za jike huko Makorora au Duga? Hilo ni la ngazi ya kata. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo: wananchi watoe maoni, Baraza la Madiwani lipitishe, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aridhie, kisha itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Njia ni ndefu. Ndiyo sababu tunaanza sasa.

Tumetazama pia walikotangulia. Uingereza, upande wa England, tangu Aprili 2020 mtu wa kati haruhusiwi kuuza kitoto cha mbwa cha chini ya miezi 6. Mnunuzi huenda kwa mzalishaji mwenyewe, akamwona mtoto pamoja na mama yake mahali alipozaliwa, au achukue kwenye kituo cha kuokolea wanyama. Sheria hiyo huitwa kwa jina la Lucy, jike mmoja aliyetolewa hoi kwenye banda la kuzalishia mbwa huko Wales mwaka 2013. Sisi hatuna wakaguzi wengi kama wao, na rasimu isijifanye kwamba tunao. Lakini lile la kumwona mama halihitaji mkaguzi. Linahitaji mnunuzi aliyeambiwa adai.

Rasimu inasema nini? Mwenye kuzalisha zaidi ya mzao mmoja kwa mwaka kwa ajili ya kuuza ajiandikishe kwa afisa mifugo wa kata. Jike asipandishwe kabla hajatimiza mwaka, wala asizae zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12. Kitoto kisitoke kabla ya wiki 8, na kikitoka kiwe na kadi inayoonyesha dawa za minyoo na chanjo za awali, na tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa kikifikisha miezi 3. Tarehe hiyo ndiyo niliyoigombania kwenye kamati. Kitoto kinaondoka kwako kikiwa bado hakijachanjwa kichaa, na pasipo maandishi mnunuzi husahau.

Anayedhani natia chumvi aangalie ng'ambo tu hapo, Pemba. Kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima waliutokomeza ugonjwa ule mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, ukitokea bara kupitia mbwa waliosafirishwa na watu, ikabidi wachanje upya hadi ulipokwisha tena mwaka 2018. Bara ndiyo sisi. Kichaa dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kila boksi linalopanda dau au basi bila kadi ni mchezo na roho ya mtoto wa mtu. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, si kwa jirani kuulizia dawa ya kupaka.

Mzee mmoja wa Pongwe alikuja nyumbani akiwa na wasiwasi. Ana mbwa wake wa shamba anayefukuza ngedere na nguruwe kwenye mahindi, akizaa anagawa vitoto kwa majirani. Nilimsomea kifungu: yeye hauzi, wala hazalishi mara mbili, hajiandikishi. Achanje tu. Kama kifungu hicho kitabadilishwa huko mbele, mimi wa kwanza kuipinga rasimu.

Lipo na suala la dini, tusilipite kimyakimya katika mji kama huu. Wengi wetu pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, na wanazuoni wake hawaoni biashara ya mbwa kuwa sahihi, ingawa mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa kufugwa. Wanachama wengine hupokea gharama za malezi tu, wengine hugawa bure. Rasimu haimlazimishi mtu kuuza wala haihalalishi kitu. Inahusu namna mnyama anavyotunzwa, na katika hilo sijasikia shehe wala padri anayepinga.

Pingamizi kubwa, nasikitika, limetoka humu humu ndani, kwa wenye majike wengi. Mkuki kwa nguruwe. Walishangilia tulipowasema madalali. Tulipofika kwenye mzao mmoja kwa mwaka wakaanza kuzungumzia umaskini. Ndugu zangu, hatuwezi kwenda mbele ya madiwani kuomba wengine wabanwe huku mabanda yetu yamefungwa kwa turubai.

Kwa hiyo kamati inapendekeza masharti haya yaanze kutumika ndani ya chama leo hii, bila kungoja halmashauri. Daftari la majike liko mezani karibu na mlango. Kila mwanachama ataandika jike wake, tarehe ya mzao wa mwisho, na dume aliyempanda pamoja na wazazi wa dume kama wanajulikana. Ukurasa wa kwanza nimeshaujaza mimi, na ule mzao wa pili wa miaka ile nimeuandika pia. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono baada ya hesabu za Mweka Hazina. Wenye kadi za chanjo zilizojaa, Katibu ana mpya.