Kabla Hujanunua Basi la Umeme, Uliza Litatengenezewa Wapi

Mwezi uliopita aliingia kijana kwenye gereji yetu hapa Malindi na tuktuk yake ya umeme, analalamika kwamba chombo kinazima njiani kisha kinawaka tena chenyewe. Kazi yake ni kubeba samaki asubuhi na mapema, mashua zikiingia. Tulipoinua kiti cha abiria tukaona kisa chote. Maji ya chumvi yaliyochuruzika kwenye magunia yalikuwa yamekauka juu ya sanduku la betri, na ile plagi nene inayopeleka umeme kwenye mota ilikuwa imeota kutu ya kijani. Pini moja ililiwa ikabaki nyembamba kama njiti ya kiberiti. Betri yenyewe ilikuwa nzima kabisa, na kwingine alishaambiwa anunue mpya.

Tulisafisha, tukabadilisha plagi, tukapaka grisi ya kuzuia unyevu, tukamkatia trei ya plastiki ya kuweka chini ya mzigo. Saa mbili zikatosha. Lakini zilitosha kwa sababu tulikuwa na mahali pakavu pa kuifungulia, vifaa vinavyofaa, na fundi anayejua asiguse nini.

Tunayaeleza haya kwa sababu wenye matatu kadhaa wa njia ya Mombasa wametuuliza kama wakileta mabasi ya umeme tutaweza kuyahudumia. Jibu letu ni kwamba gereji hubadilika kwanza, basi likafuata. Nairobi mabasi haya yanabeba abiria tangu 2022, kwa hiyo si habari za mbali. Huku kwetu yatakuja, na yatakuja na hesabu zake.

Anza na chaji. Basi dogo la viti 25 la aina inayotumika Nairobi lina betri ya uniti (kilowati-saa) 140 hivi, uniti zile zile unazonunua kwa tokeni. Kwa laini inayotoa kilowati 7 bila kukatika, kulijaza ni saa 20. Chaja ya kilowati 60 italijaza kwa saa mbili na nusu, ila hiyo inataka umeme wa fezi tatu, ile laini nzito ya viwandani. Sasa tuseme una mabasi matano. Ukiyachomeka yote kwa pamoja saa tatu usiku unahitaji kilowati 300, na hapo utaambiwa ulipie transfoma. Ukiyapanga yapokezane kwa muda wa saa nane hadi alfajiri, kilowati 90 hivi zinakutosha. Mabasi ni yale yale, gharama ya kuvuta umeme ni tofauti kabisa. Tena tangu 2023 EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati, imeweka bei maalumu ya umeme wa magari, na saa za usiku ni nafuu zaidi.

Kuna wanaotuambia, "Si tuna sola hapa Weru?" Ni kweli, lile shamba la sola la Weru, nje ya mji wa Malindi, lilianza kutoa umeme mwishoni mwa 2021, lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa, nao ni wa mchana. Basi lako mchana liko barabarani. Na kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Kwenda na kurudi kwa chaji moja, na abiria wamejaa na viyoyozi vinawaka, ni kubahatisha. Lazima upate pa kuongezea upande wa pili.

Hayo ya umeme yana majibu. Linalotushughulisha zaidi sisi ni banda lenyewe. Gereji ya dizeli ni shimo, sakafu iliyolowa oili, na mtu anachomelea chuma kando yako. Tuktuk ina volti 48 au 60 hivi. Basi lina volti mia kadhaa, na mengi yako kati ya 400 na 700. Hiyo haikupi nafasi ya kujifunza kwa kosa.

Ndiyo sababu tunawaomba msikasirike mkiona mafundi wawili wamesimama kando ya gari bila kushika spana. Wamezima, wamechomoa kiungo cha usalama kinachokata umeme wa betri, wamekifungia kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa anayefanya kazi. Wanasubiri umeme uliobaki ndani ya mitambo uishe. Kisha wanapima mara tatu: multimita, yaani kipima umeme, kwanza kwenye umeme unaojulikana uko, halafu kwenye gari, halafu tena kule kwa kwanza, wahakikishe si kifaa kilichokufa kinachowaambia kuna usalama. Mmoja ndiye anayegusa zile nyaya za rangi ya machungwa zinazobeba umeme mkali. Mwenzake anakaa na fimbo ya ndoano isiyopitisha umeme, ya kumvutia nje likitokea la kutokea. Glovu za mpira hujazwa hewa kila asubuhi kutafuta tundu, maana joto la hapa hupasua mpira upesi.

Banda letu la zamani lilikuwa la makuti. Tuliliezua na kuweka mabati, ingawa lilikuwa na baridi nzuri, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto huweza kuzimwa na kuwaka tena baada ya saa nyingi. Betri iliyogongwa sasa inakaa uani, peke yake, mbali na ukuta. Kwa mabasi tutahitaji pia jukwaa lenye vizuizi, kwa kuwa mengi yana betri au mitambo mingine juu ya paa. Kazi iliyokuwa shimoni inapanda juu.

Oili ya injini, nozeli na mikanda hamtanunua tena. Breki ndizo zitawadanganya. Mota husaidia kupunguza mwendo, kwa hiyo pedi hudumu sana, lakini diski isiyosuguliwa kwenye upepo huu wa bahari hushika kutu. Pedi nene si ushahidi kwamba breki ni nzima. Sisi tutazifungua kila mwezi. Tairi nazo huisha haraka, maana gari ni zito.

Kwa sacco au mwenye gari anayefikiria kununua, njoo kabla hujatia sahihi. Leta njia yako, idadi ya magari, na saa yanapolala. Na muulize muuzaji kama atatoa programu ya kusomea hitilafu kwa gereji ya Malindi. Akikataa, kila taa ya onyo itakupeleka Nairobi.

Wa tuktuk za samaki, trei tunaikata siku hiyo hiyo, na kukagua plagi hatutozi.