Harambee ya uwanja wa riadha: Mzee tusimwachie peke yake

Ndugu wahitimu wenzetu, kaka na dada tuliopita katika uwanja ule ule,

Tunawaandikia kwa haraka, na hatufichi kwamba tunaona haya. Njia ya kwanza na ya pili za uwanja wetu hazikimbiliki tena. Mpira umebanduka vipande vipande, lami ya chini imetokeza, na mvua ikinyesha maji hutuama kwenye kona hadi mchana. Vijana wanaanzia njia ya tatu. Aliyekimbia anajua maana yake: mzunguko wa njia ya kwanza ni mita 400, wa njia ya tatu unakaribia 415. Binti wa mita 1500 anamaliza mazoezi, kocha anatazama saa, kisha anabaki kukokotoa muda ambao angeupata kama angekuwa na njia. Viunzi vikipangwa, wa masafa marefu wanasimama kando kusubiri. Hivyo ndivyo timu ya chuo inavyojiandaa kwa mashindano.

Mzee mnamfahamu nyote. Jina lake hatuliandiki kwa kuwa mwenyewe amekataa, lakini hakuna aliyevaa fulana ya chuo asiyewahi kumwona pale mwisho wa mbio, ameshika saa yake. Alihitimu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na tangu mshahara wake wa kwanza hajaacha kuichangia riadha. Ana daftari lenye jalada gumu ambamo ameandika namba ya kiatu ya kila mkimbiaji asiyejiweza, na pembeni tarehe aliyomnunulia spaiki. Mpira ulipoanza kubanduka, alikuwa akija na gundi na kisu, anapiga magoti, anakwangua uchafu, anabandika kipande kwa kipande na kukiwekea jiwe mpaka kishike. Kiinua mgongo chake kimeishia pale. Sasa magoti hayapigiki tena, na daktari amemkataza. Tulipotaka kumfanyia sherehe alituambia hahitaji sherehe, tutengeneze njia ya kwanza.

Wapo wahitimu waliobeba michezo ya vyuo vyao kwa fedha nyingi. T. Boone Pickens, tajiri wa mafuta wa Marekani aliyehitimu jiolojia mwaka 1951 katika chuo ambacho leo ni Oklahoma State University, alikipa dola milioni 165 kwa ajili ya michezo mwishoni mwa 2005. Phil Knight alikuwa mkimbiaji wa kocha Bill Bowerman pale University of Oregon, kisha wawili hao wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Nike. Knight na mkewe Penny ndio waliotangulia kuchangia ujenzi mpya wa Hayward Field, uwanja wa riadha wa chuo hicho, na mwaka 2022 uwanja huo ukapokea mashindano ya dunia ya riadha. Mzee wetu hana kisima cha mafuta wala kiwanda cha viatu. Ana pensheni, na ametoa kama wao, kwa kadiri ya alichojaliwa.

Nasi tumempigia makofi, tumepiga naye picha, tukarudi kazini. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Wengi wetu leo ni wakuu wa idara, wahandisi, walimu, wafanyabiashara, na baadhi yetu tulikimbia kwa viatu vilivyoandikwa katika daftari lile.

Mkono wenu si mfupi, hilo tunalijua. Godoro la kuruka juu linalotumika leo ni mchango wenu, na tulipoomba nauli ya timu hamkutuangusha. Tunawaomba tena.

Fedha zote zitaingia akaunti ya chama, si mfuko wa mtu. Kila mchango utakuwa na stakabadhi, mkandarasi atalipwa kwa hatua baada ya kazi kukaguliwa, na hesabu zitasomwa mbele ya mkutano mkuu.

Kila mwaka wa kuhitimu uchukue kipande chake cha njia. Anayeweza kulipia mita kumi alipie, anayeweza moja alipie moja, na mhandisi wa barabara aliye tayari kutupimia mteremko wa maji bila malipo ametusaidia kuliko anavyodhani. Ahadi zifike kwa wawakilishi wa madarasa kabla ya likizo ndefu, maana kazi hii inataka uwanja mtupu na lami iliyokauka. Gundi haishiki penye unyevu. Mola awazidishie pale mtakapotoa.