Vitafunwa vya sendofu Jumamosi

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakutana kwangu Uyole kuandaa vitafunwa, vyote vya kushika mkononi, hakuna sahani wala uma.

1. Sambusa: nyama ikauke kabisa kabla ya kufunga la sivyo manda zinalowa na kupasukia kwenye mafuta, tunakaanga saa 9 mchana ziende za moto.
2. Mishikaki ya matunda, nanasi na tikiti, vijiti tukate ncha jamani watoto watakuwepo.
3. Parachichi za Tukuyu zinakatwa mwisho, ndimu juu zisiwe nyeusi.

Mchango elfu 10, mwisho Alhamisi jioni maana Ijumaa alfajiri naenda Mwanjelwa sokoni. Nani ana jiko la gesi la ziada? Anayekuja aandike jina hapa chini leo leo tafadhali.