Kabla hujashusha giaboksi

Jinja

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku wote wazima. Mama anakusalimu na anauliza ile asali ya Arua itakuja lini.

Ujumbe wako kuhusu Subaru yako, ile Impreza WRX inayopoteza nguvu mlimani, nimeusoma na kuurudia. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu mambo ni mengi na nataka uwe nayo mkononi siku ile fundi atakapolala chini ya gari.

Kwanza, hiyo ni klachi, kile kiungo cha kati ya injini na giaboksi, wala usihangaike na habari za tabo, ile pampu inayoisukumia injini hewa. Umesema mwenyewe kwamba ukitoka Pakwach kupanda kwenda Nebbi, uko gia ya nne, unakanyaga mafuta, injini inalia na mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari halichapuki. Tabo ikidhoofika mambo huwa kinyume chake: injini inakosa pumzi na mshale wenyewe unapanda kwa uvivu. Kwako injini ina nguvu zake zote, ila nguvu hazifiki kwenye magurudumu. Na ile harufu iliyomkera shemeji ni ya klachi pleti, ile sahani yenye kitambaa cha msuguano, kuungua. Ukitaka uthibitisho, tafuta barabara tambarare isiyo na watu, weka gia ya nne kwenye mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mizunguko ikiruka peke yake, jibu umelipata. Fanya mara moja tu uache, kwa maana kila ikiteleza inazidi kuchemsha flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi inalishika, na flaiwili bado tunaihitaji.

Tafadhali usiliendeshe hivyo mpaka Kampala. Ni zaidi ya kilomita 450, na ukifika unakutana na foleni na vilima. Klachi inayoteleza leo kwenye mlima, kesho itateleza hata kwenye tambarare.

Ulilalamika kwamba gari halina hata miaka mingi mikononi mwako. Nikueleze kwa nini gari la aina hii linakula klachi. Impreza WRX ilipotoka mwaka 1992 ilikuja na nguvu farasi 240 na magurudumu yote manne yanavuta. Gari la michezo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, dereva akiachia pedali kwa pupa, tairi zinazunguka na kutoa moshi, na mzigo unaishia kwenye mpira. Lako haliteleshi tairi. Magurudumu manne yameng'ang'ania lami, injini inasukuma, kwa hiyo kitu pekee kilichobaki cha kuteleza ni klachi. Ndiyo maana ni gari zuri mno kwenye barabara zetu za murramu, ndiyo maana kwenye mashindano ya magari ya Pearl of Africa Rally utaona Subaru nyingi hivi, na ndiyo maana pia aliyekuwa nalo kabla yako, kama alipenda kuondoka kwa vishindo kwenye taa, amekuachia deni. Wewe hujaliharibu. Umelinunua likiwa limeshachoka.

Sasa hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Fundi wako amekwambia atabadilisha klachi pleti peke yake ili kukupunguzia gharama. Mkatalie kwa heshima. Klachi pleti yenyewe ni kipande chembamba, kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa ni kuifikia. Lazima atoe intakula, kile kipoza hewa ya tabo kilichokaa juu ya injini, starta, silinda ndogo ya klachi, ule mkono unaoshika giaboksi na ukuta wa injini, bomba la ekzosti kutoka kwenye tabo, propela shafti inayokwenda nyuma, shafti mbili za mbele, kisha aishushe giaboksi nzima na difu ya mbele, inayogawia magurudumu ya mbele nguvu, iliyo ndani yake. Hiyo ni siku nzima ya mgongo, na fedha unazolipa ni za mgongo huo. Akirudisha presha pleti, ile inayobana klachi pleti kwenye flaiwili, ya zamani yenye springi zilizochoka, au beringi inayokoroma, utamlipa tena kazi ileile kabla mwaka haujaisha. Giaboksi ikishuka, vyote vibadilishwe kwa pamoja: klachi pleti, presha pleti, beringi ya klachi, na ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili ambayo mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani vizuri.

Ongeza na sili ya oili ya nyuma ya injini. Hapo karibu nayo kuna kifuniko kidogo nyuma ya bloku, na kwenye injini hizi nyingi ni cha plastiki. Plastiki ikishapata joto la miaka inapinda na kuanza kutokwa jasho la oili, oili inatiririka ndani ya nyumba ya klachi. Klachi pleti mpya ikilowa oili imekwisha, hata kama umeifunga jana. Kipo cha chuma cha kubadilishia. Tafuta hicho.

Kuna jambo jingine ambalo nakuomba ulisimamie mwenyewe, usimwachie mtu. Kwenye magari mengi tuliyozoea, ukikanyaga pedali, uma, ule mkono wa chuma wa klachi, unaisukuma beringi na beringi inavisukuma vidole vya presha pleti. Beringi imeegemea tu, haikufungwa na kitu, kwa hiyo giaboksi ukiivuta nyuma inatoka nayo bila ubishi. Klachi ya WRX inafanya kazi kwa kuvuta. Beringi imenasa ndani ya presha pleti kwa pete ya springi, na uma unaivuta kuelekea kwenye giaboksi. Fundi asiyejua hilo atafungua bolti zote, ataona giaboksi imeachana na injini kwa upana wa kidole, kisha imegoma. Hapo ndipo mitaimbo inapoletwa. Nimeona kwa macho yangu kwenye gereji moja ya huku, vijana wanachokonoa Subaru Forester ya tabo huku na huku mpaka sikio la giaboksi likakatika. Aluminiamu haina huruma.

Dawa yake ni nyepesi. Ubavuni mwa giaboksi, sehemu ya mbele, kuna kizibo cha kufungua kwa spana ya pembe sita ya kuingiza ndani, ya milimita 10. Kizibo kikitoka utaona mwisho wa pini inayoushika uma. Unaingiza bolti nyembamba ya milimita 6 kwenye tundu la pini, unaizungusha ishike, unaivuta nje. Uma unalegea, unaachana na beringi, na giaboksi inakuja nyuma kwa mikono mitupu. Mwulize fundi swali hilo kabla hajashika spana: "Uma wa klachi unautoaje?" Akikutajia kizibo, mkabidhi funguo. Asipojua, mweleze kwa upole, ni ufundi ambao wengi hawakupata nafasi ya kuuona.

Na akishatoa silinda ndogo ya klachi na kuifunga pembeni, mtu yeyote asikanyage pedali. Pistoni itaruka nje na mafuta yatamwagika.

Siku klachi ya zamani itakapotoka, ichukue uipeleke kwenye mwanga. Usikubali itupwe kabla hujaisoma. Tazama uso wa klachi pleti: ukikuta vichwa vya ribiti vimefika juu, viko sawa na kitambaa, basi imeisha kwa kazi yake na hakuna wa kulaumiwa. Ukiona upande mmoja umeliwa kuliko mwingine, kuna kitu kimepinda. Ikiwa nyeusi inayong'aa na ina unyevu, ni oili, na kama chanzo chake hakikuzibwa kazi nzima ni bure. Kisha geukia flaiwili. Ya kwako nadhani itakuwa na madoa ya rangi ya samawati, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Hayo ni makovu ya joto, na pale kwenye doa chuma kimekuwa kigumu kuliko pengine. Klachi mpya ikikaa juu yake gari litatetemeka kila unapoondoka. Ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza, aipitishe kidogo tu mpaka uso uwe mmoja. Kama ina nyufa unazoweza kuzisikia kwa ukucha, isikerezwe, inunuliwe nyingine.

Kuhusu spea, najua Arua huwezi kupata kila kitu. Mimi nitapita soko la spea la Kisekka nikienda Kampala. Nataka seti kamili ya kiwanda, kama Exedy ya Japani, iliyomo kwenye boksi moja na kifaa cha plastiki cha kulengea klachi pleti ikae katikati. Klachi ya mtumba siitaki hata ikiwa imesafirishwa jana kutoka Yokohama. Injini ya mtumba nitainunua, giaboksi nitainunua, lakini klachi ni kitu cha kuliwa, na hujui mwenzako alibakisha nini. Na usishawishike na wale wanaokusifia klachi za mashindano zenye vipande vya shaba. Zinashika ghafla, kwenye foleni gari linarukaruka, na baya zaidi, klachi ikikataa kuteleza kabisa mzigo unahamia kwenye meno ya gia. Giaboksi hizi za gia tano za zamani hazikuumbwa kwa mateso hayo. Susan Muwonge alipotwaa ubingwa wa taifa wa rally mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo hapa Uganda, alikuwa na timu ya mafundi nyuma yake. Wewe una familia, barabara ya Nebbi na mifuko ya simenti.

Wakati wa kufunga, mambo machache yanataka utulivu. Uso wa flaiwili na wa presha pleti ufutwe kwa kisafishia breki, maana vya kiwandani huja na mafuta ya kuzuia kutu. Grisi kwenye meno ya shafti ya giaboksi iwe ya kupaka tu kama kivuli, ikizidi itarushwa kwenye klachi pleti. Klachi pleti ina upande wa mbele na wa nyuma, asikisie. Bolti za flaiwili zinakazwa kwa newtonmita 72, lakini za presha pleti ni kama 16 tu, na zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, huku na ng'ambo yake, ili pleti ishuke sawasawa. Fundi mwenye mkono wenye nguvu atazikaza zote kama nati za tairi. Tafuta mwenye spana ya kupimia mkazo, hata ikibidi kuazima.

Giaboksi ikirudi mahali pake, ikiwa imebana na injini bila kulazimishwa kwa bolti, ndipo uma unasukumwa kwa mkono mpaka beringi inase kwenye presha pleti. Inalia "tak", unaisikia na unaihisi kwenye kiganja. Bila mlio huo usikubali gari lifungwe. Avute uma mara mbili tatu ahakikishe umeshika. Pini za shafti za mbele nazo zina upande mmoja wa kuingilia, tundu lake limechongwa mdomo. Zikigoma zigeuzwe, zisipigwe. Mwisho, oili ya giaboksi mpya ya 75W-90, kama lita tatu na nusu, na mafuta ya klachi yatolewe hewa mpaka pedali iwe na uzito uleule kutoka juu hadi chini.

Ukilipata gari, liendeshe kwa adabu kilomita mia chache za mwanzo, humo humo mjini na mitaani, kuondoka taratibu na bila kukanyaga tabo, ili nyuso mbili zikae pamoja. Kwenye mlima ukisimama, tumia handibreki, usilishike gari kwa klachi. Mguu wa kushoto ukimaliza kubadili gia uuweke chini, mbali na pedali.

Spea nitazituma kwa basi la usiku, ukanijulishe zikifika. Nimeomba ruhusa kazini, na ikipatikana nitakuja nazo mwenyewe, maana giaboksi hiyo natamani kuishusha pamoja na wewe. Kama fundi hawezi kunisubiri, basi nipigie picha ya flaiwili kabla haijafunikwa, nyuma na mbele, kwenye mwanga wa mchana, na nisubiri nikujibu.

Msalimie shemeji, na asali usiisahau.

Ni mimi ndugu yako wa Jinja