Ng'ombe wana kibali, tela lao halina karatasi

Ndugu Mhariri,

Mwaka juzi nilinunua tela kuukuu kutoka kwa warithi wa mzee mmoja upande wa Sengerema. Ni tela la farasi, lililotengenezwa Ulaya kwa ajili ya farasi wawili: lina kizuizi katikati na mlango wa nyuma unaoshuka hadi chini ukawa daraja la kupandia. Huku kwetu farasi wa kubeba hatuna, hivyo miaka yote lilibeba ng'ombe, nami nililinunua kwa kazi hiyo hiyo, kutoa ng'ombe mnadani kuwaleta Mwanza mjini. Warithi walinipa mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili. Kadi hawakuwa nayo. Mzee alishafariki, na hakuna aliyejua kama tela liliwahi kusajiliwa.

Nikafanya wanavyofanya wengi: nikalitembeza usiku.

Safari ya tatu, tukikaribia Usagara, nilisikia ng'ombe analia kwa sauti ambayo mfugaji hahitaji kuelezwa. Nilisimama nikashuka na tochi. Mguu wa nyuma ulikuwa umetoboa sakafu na kuning'inia chini ya tela, ukwato umesagwa na lami hadi nyama inaonekana. Tulimchinja pale pale kando ya barabara. Sijasahau, wala sitaki kusahau.

Kulipokucha niliondoa mkeka wa mpira uliofunika sakafu. Juu ulikuwa mkavu na safi. Chini yake mkojo wa wanyama ulikuwa umekaa miaka na miaka. Bisibisi iliingia kwenye mbao kama kwenye muhogo uliochemka. Vyuma vinavyobeba mbao hizo navyo vilikuwa vimeliwa na kutu, vingine vimebaki wembamba wa bati. Mwenye tela la mifugo ambaye hajawahi kuinua mkeka na kuingia uvunguni na nyundo, namwomba afanye hivyo wiki hii, kabla hajafikiria rangi wala taa.

Matairi yalinidanganya zaidi. Yalikuwa na kashata nzuri, karibu mpya. Lakini tela hukaa sana kuliko linavyotembea, na mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Langu lilikuwa na 2306, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2006. Hapo hapo ubavuni pana namba ya uzito: tairi lenye 94 hubeba kilo 670, basi. Matairi manne ya aina hiyo ni kilo 2,680, na humo utoe kwanza uzito wa tela lenyewe. Anayepakia kwa kuangalia nafasi iliyobaki anajidanganya.

Beringi nilizitoa zote nikaweka mpya na grisi mpya. Breki za tela kama hili hufanya kazi kwa msukumo: gari la mbele likipunguza mwendo, tela linalisukuma, na msukumo huo ndio unaovuta waya wa breki. Langu lilikuwa limeshikana kwa kutu, halikuvuta kitu. Mafundi wa Nyakato walinisaidia kwa moyo mmoja, na leo tela lina sakafu mpya, mnyororo wa usalama, indiketa, taa za breki na riflekta.

Kilichobaki ni karatasi, na hapo ndipo nilipokwama.

Namba ya chesisi niliipata kwenye mkono wa tela, chini ya matabaka matatu ya rangi. Nilisugua kwa msasa taratibu, nikapitisha chaki juu ya chuma, tarakimu zikajitokeza nyeupe moja baada ya nyingine. Nilifurahi kama mtoto. Wiki hiyo hiyo akanijia kishoka mmoja: nimpe laki sita, ataniletea kadi ya tela jingine lililokwisha kukatwa vyuma chakavu, kisha fundi wake atafuta namba yangu na kugonga ile ya kwenye kadi. Nilikataa. Lakini nawajua waliokubali, na si watu wabaya. Wamechoka kujificha.

Mhariri, ng'ombe wangu hawatoki mnadani bila kibali cha kusafirisha mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka hivyo, na ni sawa kabisa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo inataka tela lisajiliwe, kama gari. Basi afisa mifugo anamkagua ng'ombe, lakini hakuna anayeinama kutazama kile anachosimama juu yake, kwa sababu mwenye tela analikwepesha kila jicho. Usiku, bila taa, kwa barabara za vumbi. Na sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, matela ya ng'ambo yanavuka bila kusubiri kivuko kama nilivyosubiri mimi.

Wapo wanaosema yakamatwe yote. Yakikamatwa kumi, mengine yatazidi kujificha. Wapo pia wanaohofia kwamba wezi watapata mwanya wa kusafisha mali, na hofu hiyo naiheshimu. Ndiyo maana nashauri hivi: TRA, wakaguzi wa magari wa polisi na halmashauri zetu watangaze kipindi maalumu, hata miezi sita, cha kupokea matela ya zamani yasiyo na kadi. Mwenye tela aje na mkataba wake, hati ya kiapo na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Namba ya chesisi ilinganishwe na orodha ya vilivyoibwa, na tangazo libandikwe siku 30 ili mwenye madai ajitokeze. Tela likaguliwe uvunguni, si kwa kuzungukwa tu. Likishindwa, mwenyewe apewe karatasi ya kasoro akarekebishe na kurudi. Na ada itajwe wazi tangu siku ya kwanza, maana gharama isiyojulikana ndiyo inayomnenepesha kishoka.

Langu lipo Kisesa, limeinuliwa juu ya matofali ili matairi mapya yasibebe mzigo bure. Halijagusa barabara tangu usiku ule. Siku mtakayotangaza nitalileta, mchana.

Mfugaji na mchukuzi wa mifugo,
Kisesa, Magu