Kwa Nini Kanzu Imetoka Vizuri na Uso Umetoka Mweusi Tii

Wateja wengi wanaotuletea mikanda ya filamu nyeusi na nyeupe kusafishwa huwa na lalamiko moja: kanzu ya bwana harusi imeonekana hadi tarizi yake, lakini uso wake ni doa jeusi lisilo na macho wala tabasamu. Wengine hutuomba tuurudishe mkanda kwenye dawa. Jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa dawa ya mwisho imekwisha kuyeyusha chembe zote za chumvi ya fedha ambazo hazikuguswa na mwanga. Hata kama tungeuacha kwenye dawa ya kwanza, ile inayotokeza picha, kwa muda mrefu zaidi, kanzu ndiyo ingezidi kukolea, na uso ungebaki karibu vilevile.

Chanzo ni kipima mwanga cha kamera. Chombo hicho hakijui harusi wala mazishi. Hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, hivyo kikikutana na kanzu nyeupe juani hupunguza mwanga, na ngozi nyeusi iliyo chini ya kivuli cha kofia hukosa hata ule mdogo iliouhitaji. Kwa hiyo sogea karibu, pima usoni penyewe, kisha rudi ulipokuwa bila kubadili vipimo. Ukipenda ngozi ibaki na weusi wake wa asili, punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Ukiwa na shaka, usipunguze, maana filamu ya negativu, ile inayoonyesha nyeupe kuwa nyeusi na nyeusi kuwa nyeupe, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Kwa jua kali la saa sita mchana, filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) waweza kuipiga kama ya 200, nasi tutapunguza muda wa kusafisha ili kanzu isiungue.

Upande wetu, adui ni joto. Filamu ya Ilford HP5 Plus katika dawa ya kwanza iitwayo ID-11 isiyoongezwa maji huhitaji dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20 za Selsiasi, lakini maji ya bomba ya Pwani huwa na joto zaidi ya hilo, joto huharakisha kazi ya dawa, na muda ukishuka chini ya dakika 5 picha huweza kutoka na mabaka. Ndiyo sababu tunaipoza dawa kwa barafu iliyofungwa mfukoni na kuichanganya na maji nusu kwa nusu, ili kazi ichukue dakika 13.

Wakati wa kuchapa tunaweza kuukinga uso kwa kipande cha kadibodi na kubadili vichujio vya kuongeza au kupunguza tofauti ya weusi na weupe, kuanzia 00 hadi 5, lakini tunachokitoa ni kile tu kilichomo kwenye negativu. Iinue dhidi ya dirisha: uso ukiwa mwangavu kama kioo, usilipie uchapaji. Na unapotuletea mkanda, andika juu ya kopo lake ISO uliyotumia, kwa kuwa iliyochapwa na kiwanda tunaiona wenyewe.